Barabara kuu kugeuzwa pisti za ndege za kivita: kutoka misitu ya Ufini hadi lami ya Kilambo

Mwanzoni mwa mwezi wa Septemba 2024, barabara inayopita msituni karibu na kijiji cha Hosio, katika eneo la Ranua kaskazini mwa Ufini, ilifungwa kwa magari. Badala ya magari, zilitua juu yake ndege za kivita aina ya F-35 za jeshi la anga la Marekani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ndege za Marekani za aina hiyo kutua juu ya barabara ya magari barani Ulaya.

Haikuwa ajali, wala marubani hawakuwa wamepotea njia. Walitua pale kwa makusudi, katika mazoezi ya kila mwaka ambayo jeshi la anga la Ufini huyaita Baana, neno la mtaani la Kifini lenye maana ya njia au barabara. Mwaka mmoja kabla, Septemba 2023, ndege za F-35 za Norway na ndege aina ya Typhoon za Uingereza zilikuwa zimefanya kama hivyo katika eneo la Tervo, katikati ya nchi hiyo.

Mtu anaweza kujiuliza: nchi tajiri zenye viwanja vya ndege vizuri zinatafuta nini barabarani? Kwa mkaaji wa Goma au wa Bukavu, jibu si gumu kulielewa. Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini Goma, uwanja wa ndege ulifungwa na safari zikasimama. Katikati ya Februari mwaka huo huo ikawa zamu ya uwanja wa Kavumu, unaohudumia Bukavu. Katika muda wa wiki chache, miji miwili mikubwa ya Kivu ilijikuta haina mahali ambapo ndege ya abiria, ya dawa au ya wagonjwa ingeweza kutua.

Hofu ya namna hiyo ndiyo inayowasukuma majenerali wa Ufini, Uswidi, Taiwan na Singapore kwenda barabarani. Ndege moja ya F-35 inagharimu zaidi ya dola milioni 80 za Kimarekani, lakini bila kipande cha lami chenye urefu wa kutosha, ndege hiyo ni chuma kilichokaa.

Shabaha isiyohama

Uwanja wa ndege una ubaya mmoja mkubwa wakati wa vita: hauwezi kuhama. Adui anajua uko wapi, anajua njia ya kurukia ina urefu gani, na anajua ndege zinaegeshwa upande gani. Anaweza kuupiga siku ya kwanza, saa ya kwanza.

Mfano unaotajwa zaidi katika vyuo vya kijeshi ni wa tarehe 5 Juni 1967. Asubuhi ya siku hiyo, ndege za Israeli zilivishambulia viwanja vya ndege vya Misri kwa wakati mmoja. Zilitumia pia mabomu yaliyoundwa mahususi kwa kupasua njia za kurukia, ili ndege zilizonusurika zisiweze kupaa. Misri ilipoteza karibu ndege 300 katika vita hivyo, nyingi zikiwa bado chini. Marubani walikuwepo na mafuta yalikuwepo, lakini lami ilikuwa imetobolewa.

Wazo la kutumia barabara lenyewe ni la zamani zaidi. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanja vya Ujerumani vilipokuwa vikipigwa mabomu kila siku, jeshi la anga la nchi hiyo lilianza kutumia vipande vya barabara zake kuu, zikiwemo zile za kusini mwa nchi, kwa ajili ya ndege mpya za jeti. Ndege zilifichwa chini ya miti kando ya barabara, kisha zikasukumwa hadi kwenye lami wakati wa kupaa.

Katika miaka ya Vita Baridi, Ujerumani Magharibi ilijenga vipande kadhaa vya barabara kuu vikiwa tayari kwa kazi hiyo. Msafiri wa kawaida angeweza kuvipita bila kugundua lolote, ila mambo mawili: kwa kilometa kadhaa barabara ilinyooka kabisa, na katika kila mwisho kulikuwa na maegesho mapana kupita kiasi. Maegesho hayo yaliwekwa kwa ajili ya ndege. Vyuma vinavyotenganisha pande mbili za barabara viliwekwa kwa namna ya kung'olewa haraka. Mwaka 1984, katika mazoezi ya muungano wa NATO, unaojulikana kwetu zaidi kama OTAN, ndege za kivita na ndege za mizigo zilitua na kupaa kwenye barabara ya A29 karibu na Ahlhorn, kaskazini mwa nchi hiyo.

Vita Baridi vilipokwisha, vipande vingi vya namna hiyo viliachwa. Uswidi nayo ilipunguza sana mpango wake. Ufini, yenye mpaka wa kilometa zaidi ya 1,300 na Urusi, haikuacha.

Kisha ikaja tarehe 24 Februari 2022. Saa za kwanza za uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, makombora yalivilenga viwanja vya ndege. Ukraine ilikuwa imezitawanya ndege zake, na tangu hapo imeendelea kuzihamisha kutoka mahali hadi mahali ili zisikutwe zimelala. Tarehe 1 Juni 2025, mambo yaligeuka upande wa pili: Ukraine ilitumia droni ndogo, zilizopenyezwa ndani ya Urusi zikiwa zimefichwa katika malori, kuzichoma ndege kubwa za kivita zilizoegeshwa kwenye viwanja vilivyo mbali na mstari wa mbele, hadi jimbo la Irkutsk huko Siberia.

Matukio hayo mawili yamewakumbusha wakuu wa majeshi jambo ambalo wengi walikuwa wamelisahau: ndege iliyokaa mahali pamoja ni ndege iliyokwisha kuhesabiwa na adui.

Si kila lami ni pisti

Dereva anayepita kwenye barabara iliyonyooka anaweza kudhani kwamba ndege yoyote ingeweza kutua pale. Wahandisi wanasema sivyo. Barabara ya kawaida ina mambo mengi yanayoikataa ndege.

La kwanza ni urefu. Ndege ya kivita inagusa ardhi ikiwa na mwendo wa zaidi ya kilometa 200 kwa saa, na inahitaji nafasi ya kupunguza mwendo huo. Mara nyingi hutafutwa kipande cha kilometa mbili hadi tatu kisicho na kona, kisicho na mlima wala bonde.

La pili ni upana. F-16 ina mabawa ya karibu mita 10 kutoka ncha hadi ncha, na F-35 ina karibu mita 11. Kwa hesabu ya haraka zingetoshea kwenye barabara nyingi. Lakini rubani anahitaji nafasi ya kuyumba kidogo kutokana na upepo, na kando ya barabara kuna nguzo za umeme, alama, vibanda vya kusubiria basi na miti. Nguzo moja tu inatosha kukata bawa. Ndege ya mizigo kama C-130, yenye mabawa ya mita 40, inadai nafasi kubwa zaidi.

La tatu ni uzito na lami yenyewe. Gari lina uzito uliogawanywa juu ya matairi mengi na hupita polepole. Ndege huangusha uzito wake wote kwa mshindo juu ya magurudumu machache. Lami nyembamba hubonyea, au hupasuka. Kwa sababu hiyo vipande vilivyopangwa tangu mwanzo hujengwa kwa tabaka nene kuliko sehemu nyingine za barabara. Tena, barabara nyingi hujengwa zikiwa zimeinuka katikati ili maji ya mvua yamwagike pembeni. Mwinuko huo, ukiwa mkubwa, humsumbua rubani anapofunga breki.

La nne ndilo linaloonekana dogo kuliko yote, nalo ni jiwe. Injini ya jeti hufyonza hewa kwa nguvu kubwa. F-16 ina mdomo wa injini chini ya tumbo, karibu na ardhi. Kokoto moja, msumari au kipande cha plastiki vikiingia humo, mapanga ya injini yanaweza kuvunjika, na ndege ya mamilioni ya dola ikabaki pale pale.

Si ndege zote zilizo dhaifu hivyo. Sukhoi-25, ambayo jeshi la Kongo FARDC pia linayo na ambayo wakaaji wa Goma wameiona mara nyingi ikipita juu ya mji, iliundwa katika Umoja wa Kisovieti kwa lengo la kuweza kutumia hata viwanja visivyo na lami. Ndege ya Ufini aina ya Hornet iliundwa awali kwa ajili ya kutua juu ya meli. Ina magurudumu imara na ndoano mkiani. Katika mazoezi ya barabarani, wanajeshi hutandaza waya mnene kukatiza barabara, ndoano ikaukamata, na ndege ikasimama katika umbali mfupi.

Salongo ya wanajeshi

Kabla ya ndege ya kwanza kuonekana angani, kazi huwa imekwisha kuchukua siku kadhaa. Polisi huweka barieri na kuyaelekeza magari kwenye njia nyingine. Alama za barabarani hung'olewa. Gari la kufagia hupita na kurudi. Kisha wanajeshi hujipanga mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, wakitembea polepole macho chini, wakiokota kila kokoto. Mtu wa Kivu akiwaona angedhani ni wanainchi waliotoka kufanya salongo ya Jumamosi.

Baada ya hapo huletwa vitu vyote ambavyo uwanja wa ndege huwa navyo: malori ya mafuta, taa za kubebeka, magari ya zimamoto, madaktari, mitambo ya mawasiliano, na mnara mdogo wa kuongozea ndege ambao mara nyingi ni gari lenye antena. Walinzi husambazwa msituni ili mtu au mnyama asiingie barabarani wakati ndege inashuka.

Hapo ndipo siri ya mambo ilipo. Lami ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ni watu wanaojua kufika mahali pasipo na kitu, kuifanya ndege ishuke, kuijaza mafuta na silaha, kuirudisha angani, kisha kukunja kila kitu na kuondoka kabla adui hajapata habari.

Uswidi ndiyo iliyolifikisha wazo hilo mbali kuliko wengine. Baada ya kuona yaliyoipata Misri mwaka 1967, nchi hiyo iliimarisha mpango wake wa kutawanya ndege kwenye viwanja vidogo na barabara nchini kote. Ndege yake ya Viggen, iliyoanza kazi mwaka 1971, iliweza kugeuza nguvu ya injini kuelekea mbele mara tu inapogusa ardhi, ili isimame haraka. Iliyofuata, Gripen, iliundwa iweze kutumia kipande cha barabara cha mita 800 tu.

Cha kushangaza zaidi ni nani anayeihudumia. Waswidi walipanga kwamba Gripen ihudumiwe na fundi mmoja tu aliyesomea kazi hiyo, akisaidiwa na vijana watano walioitwa jeshini kwa mujibu wa sheria. Timu hiyo ya watu sita inatarajiwa kuijaza ndege mafuta na makombora ya kupigana angani kwa muda wa dakika 10 hivi. Hawahitaji jengo wala karakana.

Singapore na Taiwan: nchi ndogo, hofu kubwa

Huko Asia, Singapore ina tatizo la namna yake. Kisiwa chote ni kidogo, na hakuna mahali pa kurudi nyuma. Tangu mwaka 1986, jeshi la anga la nchi hiyo hufanya mazoezi yanayoitwa Torrent, ambapo barabara ya Lim Chu Kang, jirani na kambi ya ndege ya Tengah, hugeuzwa njia ya kurukia yenye urefu wa mita 2,500 na upana wa mita 24. Nguzo za taa, vibanda vya basi na alama za barabarani vilivyoko hapo viliwekwa kwa namna ya kuweza kung'olewa. Mazoezi yakiisha, vyote hurudishwa mahali pake na mabasi yakaendelea na safari.

Taiwan, ambayo Uchina inadai ni sehemu yake, imetenga vipande vitano vya barabara kwa kazi hiyo. Alfajiri ya tarehe 15 Septemba 2021, katika mazoezi ya kila mwaka yanayoitwa Han Kuang, ndege za F-16, Mirage 2000 na ndege za kivita zilizotengenezwa kisiwani humo zilitua kwenye barabara ya Jiadong, kusini mwa kisiwa, zikajazwa mafuta na silaha, zikapaa tena. Rais Tsai Ing-wen alikuwepo kushuhudia. Ujumbe kwa Beijing ulikuwa wazi: hata mkivipiga viwanja vyetu, ndege zetu zitakuwa na mahali pengine pa kushukia.

India nayo imekuwa ikijenga vipande vya namna hiyo ndani ya barabara zake mpya. Mwezi wa Mei 2015, ndege ya Mirage 2000 ilitua kwenye barabara kuu ya Yamuna karibu na Mathura. Mwezi wa Mei 2025, kipande cha kilometa tatu na nusu kwenye barabara kuu ya Ganga, katika jimbo la Uttar Pradesh, kilifanyiwa majaribio ya kutua mchana na hata usiku. Marekani yenyewe, yenye viwanja visivyohesabika, ilitua ndege zake za A-10 kwenye barabara ya jimbo la Michigan mwezi wa Agosti 2021.

Kinachofanana kwa nchi hizi zote ni kwamba uamuzi ulifanywa mapema. Anayepanga barabara na anayepanga ulinzi waliketi meza moja kabla ya kokoto ya kwanza kumwagwa.

Nani analipa?

Mpango huu una gharama zake, na hazilipwi na jeshi peke yake. Barabara ikifungwa kwa siku kadhaa, mkulima, dereva wa lori na mwanafunzi wanazunguka. Katika nchi yenye njia tatu au nne za kufika mahali pamoja, huo ni usumbufu wa siku chache. Katika nchi yenye njia moja tu, ni njaa sokoni.

Kuna gharama nyingine nzito zaidi, inayohusu sheria ya vita. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva inakataza kushambulia mali za raia. Lakini ulinzi huo unaweza kupotea pale mali hiyo inapotumiwa kwa namna inayochangia kweli mapigano. Barabara inayopokea ndege za kivita inaweza kuhesabiwa na adui kama shabaha halali, ingawa sheria hiyo hiyo bado inamdai achukue tahadhari ili raia wasidhurike. Jana ilikuwa njia ya kwenda sokoni. Leo inaweza kuangukiwa na kombora.

Kwa hiyo, nchi kama Ufini huchagua vipande vilivyo msituni, mbali na miji, ambako nyumba ni chache. Singapore haina nafasi ya kuchagua sana. Kwetu Kivu, nyumba, vibanda, makanisa na shule vimepanga mstari kandokando ya barabara, na lami moja hutumiwa kwa pamoja na malori, wamotari, chukudu, mbuzi na watoto wanaotoka shuleni. Mahali pa namna hiyo, kuileta vita barabarani ni kuileta mlangoni mwa watu.

Kilambo: Kongo iliyajua haya zamani

Hata hivyo, kutua ndege barabarani si jambo geni kwa Wakongomani wa mashariki. Katika wilaya ya Walikale, Kivu ya Kaskazini, wengi wanakumbuka Kilambo.

Baada ya mwaka 2002, madini ya kasiteriti yalipogunduliwa Bisie, ndani ya msitu, maelfu ya watu walikimbilia huko kuchimba. Madini yalibebwa mgongoni kwa safari ndefu ya kupita msituni hadi kufika barabarani. Lakini kutoka Walikale hadi Goma, malori hayakuweza kupita kwa ubaya wa njia. Wafanyabiashara walipata jibu lao kwenye barabara ya kitaifa nambari 3, ile inayotoka Bukavu kuelekea Kisangani: pale Kilambo palikuwa na kipande cha lami kilichonyooka.

Ndege ndogo za mizigo zikaanza kushuka hapo, juu ya barabara. Magari na watembea kwa miguu walisimamishwa, ndege ikashuka, magunia yakapakiwa, ikapaa kuelekea Goma. Kisha njia ikafunguliwa, na maisha yakaendelea hadi ndege nyingine ilipofika. Safari hizo zilipata pigo kubwa Septemba 2010, pale Rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu zote mbili na Maniema. Katazo hilo liliondolewa Machi 2011.

Kilambo haikuwa na majenerali waliopanga, wala wahandisi waliopima unene wa lami. Ilizaliwa kutokana na shida. Lakini ilionyesha mambo mawili. La kwanza, kipande kimoja cha lami kinaweza kuunganisha eneo lililotengwa na dunia nzima. La pili, yule anayeweza kuifunga barabara na kuifungua ndiye anayeshika faida. Kwa miaka mingi, madini yalipanda ndege pale pale ambapo mama mjamzito alipita akiwa amebebwa kwenye machela.

Goma yenyewe ina kumbukumbu yake. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, lava iliufikia uwanja wa ndege na kufunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia. Kwa miaka mingi baadaye ndege zililazimika kutumia kipande kilichobaki. Moto wa ardhini uliufanyia uwanja kile ambacho mabomu yaliufanyia uwanja wa Misri mwaka 1967, na mji ukajifunza maana ya kutegemea pisti moja tu.

Barabara inayookoa maisha

Barabara inayopokea ndege si lazima iwe ya vita. Mfano mzuri uko Australia. Kwenye barabara kuu ya Eyre, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 1,600 na inayovuka uwanda mkavu wa Nullarbor, msafiri hukutana na mistari mipana meupe iliyochorwa juu ya lami, kama ile ya njia ya kurukia ndege, pamoja na alama zinazoonya kwamba hapo ni mahali pa dharura pa kutua ndege ya madaktari.

Ndege hizo ni za Royal Flying Doctor Service, huduma iliyoanza mwaka 1928 kwa ajili ya watu wanaoishi mbali na hospitali. Ajali ikitokea mahali ambapo mji wa karibu uko mamia ya kilometa, magari husimamishwa, ndege inashuka juu ya barabara, mgonjwa anapakiwa na kupelekwa hospitali.

Mahitaji yake si makubwa kama ya F-35. Ndege ya madaktari ni ndogo, na haibebi mabomu. Lakini misingi ni ile ile ya Ufini na Singapore: kipande kilichochaguliwa mapema, kilichopimwa, kisicho na nguzo wala miti, na watu wanaojua nani ana mamlaka ya kusimamisha magari na kwa muda gani.

Mashariki mwa Kongo, ambako vijiji vingi hufikiwa kwa ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja vya majani, wazo hilo si la mbali. Barabara nyingi zinangoja kutengenezwa au kutengenezwa upya. Kilometa moja au mbili za lami iliyonyooka, yenye upana wa kutosha na isiyo na vibanda pembeni, ingegharimu kidogo sana ikiwekwa kwenye ramani tangu mwanzo. Ikitafutwa siku ya msiba, baada ya uwanja kufungwa, huwa haipo tena: imekwisha kujengwa nyumba pande zote mbili.

Wafini wamelielewa hilo kwa upande wa vita, na Waaustralia kwa upande wa wagonjwa. Huko Walikale, watu wa Kilambo waliona ndege zikishuka barabarani miaka mingi kabla ya F-35 kufika Hosio. Zilizoshuka kwao zilikuja kuchukua mawe. Swali linalobaki kwa wanaochora barabara za kesho ni kama siku moja lami hiyo hiyo itapokea pia ndege inayoleta dawa.